Mzee wa Spea

Hakukuuzia cheni mpya kabla hajaiona ya zamani. Kila fundi baiskeli aliyefika dukani kwake mjini Shinyanga aliijua desturi hiyo. Ulifika umechoka, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope, ukamwambia unataka cheni, naye akanyoosha mkono juu ya kaunta. Kama huna cha kumpa, aliurudisha mkono wake na kuendelea kuchambua nati na bolti alizomwaga kwenye sinia.

Ukutani nyuma yake palikuwa na msumari mrefu, na kwenye msumari huo ilining'inia cheni mpya ambayo haikuuzwa kamwe. Ya kwako aliitundika kando yake, akahakikisha zote mbili zina pingili sawa, kisha akavaa miwani na kuinama kutazama zinapoishia kule chini. Cheni haivutiki kama mpira. Pini zake ndogo ndizo zinazosagika ndani ya matundu yake, kila pingili inalegea kidogo tu, na ulegevu wa pingili zote ukikusanyika ndio unaouona pale chini. Ikiwa ya kwako imezidi kwa nusu pingili, alisema, "Badilisha cheni peke yake. Meno bado mazima." Ikiwa imezidi kwa pingili nzima, alisema, "Umechelewa. Sasa na friwili nayo." Friwili ni ile gia ndogo ya gurudumu la nyuma, inayovutwa na cheni. Cheni iliyolegea huyasukuma meno yake vibaya mpaka yanalala upande mmoja na kuwa makali kama ya msumeno, na hapo hata uweke cheni mpya namna gani, itaruka.

Na kama ya kwako ilikuwa bado, alikurudishia mkononi. "Bado. Ipanguse kwa mafuta ya taa, rudi baada ya mavuno." Alikuwa mfanyabiashara anayefukuza wateja.

Sisi wa kutoka machimboni tulimwita Mzee wa Spea. Jina lake la kweli lilikuwa limeandikwa juu ya mlango, lakini rangi ilikuwa imepauka na sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Mhindi, mmoja wa wachache waliobaki mjini. Wenzake walikuwa wamehamia Mwanza, Dar es Salaam na nchi za mbali. Yeye ndiye aliyebaki na ufunguo wa hekalu lao. Kila jioni alifunga duka, akaenda kulifungua hekalu, akafagia, akawasha taa, akapiga kengele, kisha akafunga na kurudi nyumbani. Nilimuuliza siku moja nani huja kusali naye. Akasema, "Sikukuu wanakuja kutoka Mwanza." Siku zingine hakuzitaja.

Mimi nina kibanda cha kutengeneza baiskeli Mwakitolyo, huko machimboni. Alikianzisha mume wangu. Dhahabu ya kwetu ilipopungua kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, alimokuwa na hisa, alisikia Geita kuna shimo linatema dhahabu, akapanda baiskeli yake na kwenda. Akaniachia spana, pampu na mtoto wetu Kabula. Mwanzoni nilibandika pancha tu. Baadaye nikajifunza na mengine, maana huku kwetu baiskeli haipumziki: inabeba viroba vya mawe kutoka kwenye maduara hadi kwenye karasha ya kusagia, inabeba madumu ya maji, inabeba wagonjwa. Mzigo wa namna hiyo, pamoja na vumbi letu, unakula cheni kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake nilikuwa na gunia la cheni kuukuu za wateja wangu. Nilikuwa nimeshapita maduka mengine mawili, na kote waliniuliza nani amenituma. Yeye aliniuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi, mzee."

Akaitazama mikono yangu. Weusi wa grisi ulikuwa umeshaingia kwenye mistari ya viganja, hautoki hata kwa sabuni ya unga. "Haya, mayu," akasema, "zimwage hapa juu." Hakuuliza lingine, si siku hiyo wala baadaye.

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Kisukuma alikijua kuliko vijana wetu wa mjini. "Mwangaluka, mayu," ndivyo alivyonipokea asubuhi, nami nikamjibu, "Mwangaluka, guku," kwa kuwa alikuwa na umri wa babu. Alihesabu pingili kwa Kisukuma, taratibu, kidole kikitembea kwenye cheni. Kwa lugha yao sikumsikia akizungumza na mtu aliye mbele yake. Aliizungumza kwenye simu tu, Jumapili, watoto wake walipopiga.

Jumapili moja nilikuwepo. Duka lilikuwa wazi kwa sababu yangu, maana gari la abiria la kwetu liliharibika Jumamosi nikachelewa kufika. Simu ikalia, akaipokea, akaongea kwa sauti kubwa na ya furaha ambayo sikuijua. Ghafla akaiziba kwa kiganja na kuninong'oneza, "Mama Kabula, piga kelele kidogo."

"Kelele gani, mzee?"

"Za wateja. Haraka."

Basi nikasimama katikati ya duka lile tupu, nikapaza sauti, "Mzee, nipe friwili mbili! Na mimi nilitangulia kuja kabla ya huyu!" Nikagonga kaunta kwa spana. Nikakohoa kiume. Yeye akarudi kwenye simu, akacheka, akasema maneno kadhaa na kuaga kama mtu aliyezidiwa na kazi. Alipokata tukatazamana.

"Nimewaambia duka limejaa watu," akasema.

"Wameamini?"

"Binti yangu ameamini. Mtoto wa kiume ameuliza kwa nini wote wana sauti moja."

Tulicheka mpaka akavua miwani kufuta macho. Kisha akaanza kushusha maboksi ya rafu ya juu na kuyapandisha tena palepale yalipokuwa.

Wateja walikuwa wamehama kweli. Bodaboda ziliingia kila kijiji, na aliyekuwa akitafuta cheni ya baiskeli sasa alitafuta ya pikipiki. Majirani walimshauri auze spea za pikipiki. Alikataa, akasema hazijui. Hilo lilinishangaza, kwa sababu hata baiskeli hakujua kuipanda. Mtu aliyeuza viti, pedeli na mipira maisha yake yote hakuwahi kuketi juu ya baiskeli ikatembea. Alipokuwa mdogo baba yake alimkataza, asije akaonekana barabarani kama mchuuzi, na alipokuwa mkubwa aliona haya kujifunza mbele ya watu. Alitembea kwa miguu, mikono nyuma. Ukimpita na baiskeli barabarani hakukutazama usoni. Alitega sikio. Kesho yake alikwambia, "Jana yako ilikuwa inalia. Ile si kiu ya mafuta, ile ni friwili."

Na huyohuyo aliyetuhimiza tubadilishe vitu kabla havijaharibu vingine, yeye mwenyewe hakubadilisha kitu. Mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa umefungwa kwa waya wa spoku. Redio yake ilisikika ukiikandamiza kwa matofali mawili. Juu ya duka kulikuwa na chumba cha marehemu mkewe, na kilibaki kama alivyokiacha, dirisha limefungwa, na yeye alilala kwenye godauni katikati ya maboksi ya mipira.

Nisimfanye malaika. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulimwumiza mtu. Wakati mmoja wa masika aliingia mkulima mmoja anahema, anataka cheni upesi, mama yake amezidiwa. Mzee akanyoosha mkono kama kawaida. Yule akasema ya zamani imekatika, ameitupa njiani. Mzee akamwambia bila kuiona hawezi kujua kama friwili itaipokea cheni mpya, atakuwa anamwibia. Yule akatukana, akatoka. Maduka mengine yalikuwa yameshafungwa kwa mvua. Tulisikia baadaye kwamba alimkalisha mama yake kwenye karia na kuisukuma baiskeli kwa miguu, kwenye tope, mpaka zahanati. Mama alipona. Lakini Mzee wa Spea aliposimuliwa alikaa kitini akaniambia, "Mayu, siku ile nilikuwa mjinga." Tangu hapo aliweka cheni kadhaa chini ya kaunta, zimeshapakwa mafuta, kwa ajili ya watu wanaoingia wanakimbia. Hao hakuwauliza neno.

Sasa niseme habari ya Rwamgasa, machimbo ya Geita.

Mume wangu alikuwa ameacha kupiga simu. Mwanzo alipiga kila wiki, halafu kila mwezi, halafu namba ikawa haipatikani. Ndipo mchimbaji mmoja aliyerudi kutoka Geita akaniambia amemwona huko Rwamgasa, mzima, ana kazi kwenye karasha. Alinieleza akitazama chini, nikajua kuna jambo ameliruka. Nilipokwenda mjini kununua spea sikutaka kulisema. Lakini Mzee alipotundika cheni zangu na kunieleza moja baada ya nyingine, aliona sisikii.

"Una nini?"

Nikamweleza.

Akaivua cheni ukutani, akaikunja. "Nina mteja Rwamgasa," akasema. "Muda mrefu hajaja. Nataka kujua kama bado yupo. Tunaweza kwenda pamoja."

Hakuwa na mteja Rwamgasa. Nililijua hilo hata siku ile, lakini nilihitaji mtu wa kukaa kando yangu kwenye basi, nami nikakubali uongo wake. Kabula nilimwacha kwa mama yangu. Mzee akafunga duka siku ya kazi. Wauza nguo wa jirani walitoka nje kuangalia, wakadhani amefiwa.

Tulipitia Kahama, tukafika Katoro jioni, tukalala gesti, yeye na chumba chake nami na changu. Asubuhi tukapanda bodaboda mbili. Yeye hakuwahi kuketi juu ya chombo cha magurudumu mawili, basi alimkumbatia dereva kiunoni kama mtoto na kufumba macho njia nzima. Tuliposhuka alikuwa mwekundu kwa vumbi toka kichwani mpaka kwenye viatu.

Kumpata mume wangu hakukuwa kazi. Alikuwa ameketi nje ya nyumba ya mabati karibu na karasha, anakunywa uji. Kwenye kamba kulikuwa na nepi zimeanikwa. Niliziona nepi kabla sijamwona yeye.

Akasimama. "Mama Kabula."

"Baba Kabula."

Akatazama nyuma yangu. "Na huyu Mhindi ni nani?"

"Huyu ndiye ninayenunua kwake cheni."

Mzee akamsalimia, kisha akasogea pembeni kutuachia nafasi. Pembeni ndipo ilipokuwa imeegemezwa ile baiskeli aliyoondokea nayo mume wangu. Mzee akachuchumaa. Akaishika cheni kwa vidole viwili pale mbele kwenye gia kubwa, akaivuta, ikanyanyuka mbali na meno ukaona mwanga katikati. Akaguna.

"Kijana, hii umeiacha sana," akasema. "Imeshakula mbele na nyuma. Cheni peke yake haitakusaidia."

Mume wangu akacheka kwa hasira. "Mzee, umetoka Shinyanga kuja kunieleza habari za cheni?"

"Nimekuja na mkeo," akajibu, bado amechuchumaa. "Cheni ndiyo ninayoijua. Habari nyingine anazo mwenyewe."

Akatoka ndani mwanamke kijana, mtoto mgongoni. Aliponiona akajua. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo, dada." Nilikuwa nimepanga njia nzima nitakachomwambia mwanamke wa namna hiyo. Yote yakaniruka. Alikuwa mdogo, amechoka, na mtoto wake alikuwa na paji la uso la Kabula. Nikasema, "Marahaba."

Nikamgeukia mume wangu. "Nataka jambo moja tu. Niambie kama unarudi."

"Duara likitema nitarudi. Nilishakwambia."

"Sikuulizi duara. Nakuuliza wewe."

Akainama kukichukua kikombe chake cha uji, akakizungusha mkononi. Alikizungusha muda mrefu. Mashine ya karasha ilikuwa inaunguruma, na mimi nilisubiri kwa heshima yote niliyokuwa nayo, mpaka nikaelewa kwamba kule kuzungusha kikombe ndilo jibu.

"Kibanda ni changu sasa," nikasema. "Na spana. Usije ukazidai."

"Sizidai."

"Na simu uiwashe. Kabula akikupigia, upokee."

"Nitapokea."

Basi. Miaka ya ndoa ikaishia hapo, uji haujapoa. Mzee alinyanyuka, magoti yakalia, akamuaga mume wangu vizuri kama anavyoaga mteja. Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani. Sikulia mpaka tulipoipita Kahama, na nilipoanza hakunitazama wala hakunipa maneno. Alitoa leso yake mfukoni akaiweka juu ya goti langu, akaendelea kutazama mbele. Ilikuwa inanuka mafuta ya mashine. Mpaka leo nikisikia maneno mengi ya faraja kwenye misiba, nakumbuka leso ile.

Baada ya hapo sikuhisi kwamba tumekuwa ndugu, na sitaki kusema hivyo. Niliendelea kusimama upande wangu wa kaunta, naye upande wake. Lakini aliacha kuniita Mama Kabula mbele ya wateja wengine, akaanza kusema, "Muulizeni fundi wa Mwakitolyo." Wakija watu wa huku kwetu, aliwarudisha kwangu. Kibanda kikakua. Mtu mpweke alinijazia watu mlangoni, na mlango wake mwenyewe ukazidi kuwa mtupu.

Nilipata habari kutoka kwa muuza nguo wa jirani kwamba anaondoka. Binti yake alikuwa amekuja kumchukua, ameshampatia karatasi zote, duka limeshapata mpangaji wa kuuza simu. Sasa yuko huko kwa binti yake, nchi ya baridi. Namba yake ya hapa nimeshaipiga mara nyingi, haiiti tena.

Lakini kabla hajaondoka nilikwenda. Ilikuwa alasiri. Rafu zilikuwa tupu upande mmoja na ukuta umeshapigwa chokaa. Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta kama siku zote.

"Mwadila, guku."

"Mwadila, mayu. Umeleta zipi leo?"

"Sikuleta kitu. Nimekuja kukusalimia."

"Kusalimia," akarudia. Akatazama kulia na kushoto, kama mtu aliyeulizwa spea anayojua anayo ila amesahau rafu. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuingia dukani mwake bila kutaka kununua. Kiti kilikuwa kimoja, cha kwake. Akasimama, akanyanyua ubao wa kaunta unaofunguka kama mlango. "Pita huku. Kaa."

Nikapita, nikakaa. Yeye akatoka, akazunguka, akasimama upande wa wateja, viwiko juu ya kaunta. Kwa mara ya kwanza nikaona alichokuwa akikiona: mlango, kipande cha barabara, jua, bodaboda zikipita mbio, hakuna hata moja inayopunguza mwendo.

"Unaondoka lini?"

"Keshokutwa." Akachora kitu kwa kidole kwenye vumbi la kaunta. "Binti yangu anasema huko baiskeli ni nyingi. Gia za nyuma zimepangwa hata kumi, moja juu ya nyingine, kama sufuria za dukani. Cheni nyembamba, inahama huku na huku."

"Nazo zinalika?"

"Zinalika upesi kuliko hizi. Nimemuuliza." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Najua nitakachowaambia, mayu. Sijui nitamwambia nani."

Nikaanza kumweleza habari za Mwakitolyo: nani kapata duara jipya, karasha ya nani imeungua, Kabula amepanda darasa na anapenda hesabu. Alisikiliza amesimama, akauliza majina, akacheka panapochekesha. Nje kivuli cha nyumba ya ng'ambo kikavuka barabara.

Kule stendi gari la Mwakitolyo likapiga honi, ile honi ndefu ya kuita waliochelewa. Tulilisikia wote wawili. Akaunyanyua ubao wa kaunta ili nipite, akaushikilia juu.

"Gari lako hilo," akasema.

"Nalisikia."

Likapiga tena. Nikabaki nimekaa. Akasubiri kidogo, halafu akaushusha ule ubao polepole, akaweka viwiko vyake juu yake.

"Ehe," akasema, "na hiyo karasha, iliunguaje?"